Shajara ya Mida: mwaka wa baharia mstaafu na ndege wa bamvua

Kazi yenyewe ni hii. Kila bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapojaa kuliko siku nyingine, naenda hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na Watamu, pwani ya Kenya, na darubini, nasimama mahali pamoja, nahesabu ndege wa ufukweni na kuandika. Jambo la pili ni majina. Kila ndege ninayemwona namtafutia mtu wa pwani anayemjua kwa Kiswahili, kwa sababu vitabu vyote nilivyovipata vimeandikwa kwa Kiingereza, na watoto wa Dabaso na Gede wanaokulia kando ya hori hili wana neno moja tu: ndege.

Nimejipa mwaka mmoja. Naandika kwa mtindo wa buku la meli, uandishi nilioufanya miaka 31: tarehe, upepo, maji, kisha yaliyotokea. Niliingia melini mwaka 1988 nikiwa kibarua wa sitaha, nikashuka 2019 nikiwa serahangi, kiongozi wa mabaharia wa sitaha. Durban, Mumbai, Salalah, Port Said, Rotterdam. Ukiniuliza habari za bandari hizo nitakueleza gati, kreni na vibanda vya chai. Ukiniuliza ndege wake, sina hata mmoja wa kukutajia. Hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia, na ndiyo sababu ya buku hili.

30 Septemba 2023. Kusi limelegea. Mwezi ulikuwa mpevu jana. Maji yamejaa saa 10 na nusu alasiri.

Naanza na namna nilivyofika hapa. Wiki mbili zilizopita nilikuja kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, lile ambalo kiingilio chake husaidia karo za watoto wa shule. Nilikuja kupunga upepo tu, na darubini yangu ya zamu shingoni kwa mazoea. Kwenye kibanda cha mwisho, upande wa tope, nikaona kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya moshi, mdomo mweusi mnene kama koleo. Nikajua nimewahi kuwaona.

Ilikuwa 1996, mwezi wa Juni. Tulitia nanga karibu na kisiwa cha Masirah, Oman, siku nne tukingoja kipuri cha injini. Mzee mmoja Mwomani aliyezaliwa Unguja alikuwa akituletea samaki, na kwa furaha ya kusikia Kiswahili akanichukua kwenye mashua yake. Tulipopita kisiwa cha mchanga akanionyesha ndege kama hawa, akasema, "Hawa hutaga chini ya ardhi, mwanangu. Wanachimba shimo kama kaa." Nilidhani ananitania. Nikawasahau miaka 27.

Kijana muongozaji aliyekuwa kibandani alinithibitishia. Ndege huyu, humu nitamwita mla kaa, ambaye kitaalamu ni Dromas ardeola, huzaa kwenye fukwe na visiwa vya Uarabuni, Ghuba na Somalia. Huchimba handaki mchangani, hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kusi likikatika huja kwetu kula kaa. "Kwa hiyo mzee wangu alisema kweli," nikamwambia. Akanijibu, "Alisema kweli, babu. Na hawa huenda wametoka kulekule."

Leo nimehesabu 86. Ndio mwanzo wa buku.

15 Oktoba. Mwezi umeandama. Upepo haupo, bahari shwari. Maji yamejaa saa 10.

Hesabu ya mara ya kwanza ilikuwa na makosa. Leo nilisimama na yule kijana, kila mtu akahesabu kimya, kisha tukalinganisha. Mimi nilipata 131 wa aina ile, yeye 97. Nilikuwa nimewachanganya na yangeyange waliosimama nyuma yao, na jua la magharibi lilikuwa machoni. Nimefuta 86 ya mwezi uliopita nikaandika pembeni: haiaminiki.

Tukakubaliana njia. Nitahesabu kama karani wa tali anavyohesabu magunia: kumi, kumi, kumi, kwa macho, kisha narudi kutoka upande wa pili. Hesabu mbili zikipishana sana, naanza upya.

Nimejifunza pia kuhusu maji, jambo ambalo mtu wa meli kubwa husahau, kwa sababu kwenye meli kubwa maji ni kina tu. Hapa maji ndiyo saa ya ndege. Yakipwa, tope linakuwa pana na ndege wametawanyika mbali, vidoa tu. Yakianza kuja, tope linapungua na wao wanasogea, wanasogea, hadi dakika 40 za mwisho wanakuwa mbele ya kibanda. Kisha maji yanafunika kila kitu nao wanaruka. Sururu, wale wenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, hutua juu ya mikoko yenyewe na kungoja huko. Sikuwahi kufikiri ndege wa tope anaweza kukaa mtini. Siku za maji mafu nilijaribu mara mbili, maji hayakufika mbali, ndege hawakusogea. Pwani yetu bamvua hujaa alasiri, kwa hiyo saa 8 mchana lazima niwe nimeshafika.

14 Novemba. Mvua tangu alfajiri. Kaskazi haijaamua.

Hizi ndizo mvua za El Niño tulizotangaziwa. Njia ya kwenda kibandani ni tope hadi magotini, na sikuhesabu kitu cha maana. Lakini karibu na magharibi mvua ilikatika, na keremkerem wekundu wakaanza kuingia kulala. Ni wekundu wa waridi, na kichwa cha kijani kinachoelekea buluu. Hutoka kaskazini, upande wa Uhabeshi na Somalia, hukaa pwani yetu miezi ya kaskazi, na jioni hukusanyika mikokoni. Walikuja kwa makundi ya ishirini, thelathini, mfululizo kwa karibu nusu saa, chini chini juu ya maji, na mkoko mmoja ukawa kama umechanua.

Nilisimama nimelowa hadi giza. Mke wangu aliniuliza kwa nini nimechelewa nikamweleza. Akasema Jumamosi atakuja na yeye.

3 Desemba. Kaskazi nyepesi. Mawingu mazito bara.

Leo si siku ya bamvua, lakini naandika kwa sababu ya kozi.

Saa 5 asubuhi walipita juu ya shamba letu, baada ya ngurumo. Wadogo, mabawa membamba, wengi hata sikuweza kuwahesabu, wakizunguka na kula kumbikumbi angani. Mmoja alishuka chini kiasi cha kuona miguu: myekundu. Hapo nikaketi.

Mwishoni mwa Novemba 2003 tulitoka Mumbai kuja Mombasa. Siku ya tatu, hakuna ardhi upande wowote, ndege kama hao watano walitua juu ya kreni ya meli. Fundi wa pili wa injini aliwapelekea maji kwenye kifuniko cha kopo. Wanne waliondoka usiku. Wa tano nilimkuta asubuhi kwenye sitaha, amekufa. Nilimwokota nikamtupa baharini, nikaendelea kuosha sitaha.

Sasa najua alikuwa nani. Ni kozi wa Amur. Huzaa Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Mwezi wa Oktoba na Novemba hukusanyika kaskazini-mashariki mwa India, na katika jimbo la Nagaland, mwaka 2012, watu waliwatega kwa nyavu makumi ya maelfu. Habari zilipotoka, wanakijiji, kanisa na serikali wakakubaliana kuacha, na mwaka uliofuata hawakutega tena. Kutoka hapo kozi huvuka India, kisha huvuka bahari hii ya Arabuni, kama kilomita 3,000 za maji matupu, kuja Afrika na kuendelea hadi kusini. Kitu chenye uzito wa gramu 150 hivi. Sisi tulikuwa na injini, rada na mpishi.

Yule wa sitahani nimemwandika humu. Kozi wa Amur, 1, Bahari ya Arabuni, Novemba 2003, amekufa. Ndiye ndege wa kwanza kwenye orodha yangu kwa tarehe.

13 Januari 2024. Kaskazi ya nguvu. Mwezi umeandama juzi. Maji ya juu sana.

Januari ni mwezi ambao ndege wa majini huhesabiwa Afrika nzima, na hesabu ya leo nimeifanya kwa uangalifu wa pekee. Wala kaa 164, kwa hesabu mbili zilizokaribiana. Sururu 71. Wale wenye mdomo uliopinda kwenda juu kidogo, wanaokimbia kama wamechelewa mahali, 58. Wadogo wa mchangani, aina mbili zinazofanana mno, niliacha kuzitenganisha nikaandika pamoja: 340. Kijana alinisihi nisikisie. "Bora uandike hujui, babu, kuliko kuandika uongo." Kwenye meli tungesema vivyo hivyo kuhusu kina cha maji.

Orodha zangu sasa zinakwenda pia kwenye mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013. Nchi imegawanywa miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9. Ukikaa ndani ya mraba saa mbili au zaidi na kuandika kila aina uliyoiona au kuisikia, orodha yako inahesabika kamili. Nafanya kwa simu. Kenya ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Mimi nina 74.

Usiku wa kuamkia 11 Februari. Giza totoro. Upepo umetulia usiku wa manane. Maji yanakuja.

Watafiti waliniruhusu kukaa nao wanapotega nyavu nyembamba na kuwavisha ndege pete miguuni. Kazi hufanywa usiku usio na mwezi ili ndege wasione wavu, maji yanapowasukuma. Tulitembea kwenye maji ya kifuani. Hakuna aliyesema kwa sauti.

Walinipa kumshika mmoja baada ya kupimwa. Kitwitwi, kama wazee wanavyomwita kila mdogo akimbiaye mbele ya wimbi, lakini huyu hasa ni aina inayozaa kwenye nyanda za barafu za kaskazini mwa Urusi. Mizani ilisema gramu 24. Moyo wake niliusikia kwa vidole, haukuwa mapigo, ulikuwa mtetemo mmoja. Waliniambia kabla ya safari ataongeza mafuta mwilini hadi anenepe sana. Nikakumbuka Fujairah, tulivyokuwa tukijipanga nje ya bandari kwa foleni tukingoja mafuta ya meli kabla ya kuvuka. Mida ndiyo Fujairah yake. Tope hili likiharibiwa, hana pengine pa kujaza.

Nilifungua kiganja. Alikaa kwanza, kama anapima, kisha akapotea gizani.

Naandika haya saa 12 asubuhi na bado sijalala.

9 Aprili. Mwezi 29 wa Ramadhani. Upepo umegeuka, kusi linaanza. Maji yamejaa saa 10 na nusu.

Wiki tatu zimepita nikiwaona wakibadilika. Wale wa kijivu niliowaona wote sawa wameanza kuvaa. Mmoja kifua kimekuwa rangi ya machungwa, mwingine mwili mzima mwekundu wa tofali. Ile kazi ya kuwatofautisha iliyonishinda Januari sasa imekuwa nyepesi, kwa sababu kila mmoja amevaa nguo yake ya nyumbani. Na wamenenepa, hata tumbo linaonekana.

Leo jioni tulikuwa watu kama kumi na tano ufukweni, wazee na watoto, kutazama mwezi. Mimi ndiye mwenye darubini, kwa hiyo macho yote yalikuwa kwangu. Upande wa magharibi wingu lilikaa palepale, halikutupa nafasi. Nikasikia sauti kutoka kwenye tope, kelele za haraka, za kuitana. Nikageuza darubini. Kundi la kama sitini lilikuwa limepanda juu kuliko kawaida, likajipanga mstari, mstari ukavunjika, ukajipanga tena, likazunguka hori mara moja na kushika kaskazini. Nikamwita kila mtu. Watoto walipokezana darubini. Msichana mmoja aliuliza wanakwenda wapi, nikamwambia Urusi, akaniuliza kama watakula njiani. Nikamweleza wameshakula, wamekula miezi saba.

Baadaye likaja kundi lingine, na la tatu. Giza lilipoingia tulikuwa tukisikia sauti tu juu yetu. Kisha simu zikaanza kulia: mwezi umeonekana kwingine, kesho ni Idi.

Sikuandika hesabu. Niliandika saa: 12:20, 12:26, 12:41.

22 Juni. Kusi kali. Mwezi mpevu. Bahari imechafuka.

Mida ni kimya. Wamebaki wachache ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Kwa hiyo nimetumia mwezi huu kwenda Sabaki, kaskazini ya Malindi, mto unapoingia baharini, na kukusanya majina.

Sabaki miezi ya kusi ina mgeni wake, ndege mwembamba wa kahawia anayeruka kama mbayuwayu. Anazaa Madagaska, anakuja kwetu wakati wengine wamekwenda kaskazini. Nilikuwa nikidhani safari zote za ndege ni za kupanda na kushuka kati ya baridi ya Ulaya na joto letu. Huyu anavuka mlango wa Msumbiji kuja kukaa na kusi letu. Nimewauliza wavuvi sita wa Sabaki jina lake. Wote wanamjua kwa sura, hakuna aliyenipa jina. Nafasi yake kwenye daftari iko wazi.

Ila mzee mmoja wa Kibajuni, mvuvi wa madema, alinipa kumi na moja kwa asubuhi moja. Sururu bila kusita. Heroe, shakwe, mwari, furukombe. Kwa mla kaa alisema membe. Nilimweleza kwamba mwingine wa Watamu aliniambia membe ni ndege yeyote mweupe wa baharini. Akasema, "Huyo ni wa Watamu. Mimi nakwambia la kwetu." Nimeandika yote mawili, kila moja na mahali lilipotoka. Sitaki kuamua kati ya wazee.

Aliponiuliza mimi ni nani na nafanya nini na karatasi, nikamweleza miaka ya meli. Akanyamaza, akafunga fundo la dema lake, kisha akasema: "Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani." Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni. Kutoka kwa mtu aliyekaa chomboni maisha yake yote ilikuwa na uzito mwingine, nikakaa naye hadi adhuhuri.

20 Julai. Msitu wa Arabuko-Sokoke. Baridi ya asubuhi.

Msitu huu wa kilomita za mraba 420 hivi uko nyuma ya nyumba yangu, na kwa miaka 64 sikuwahi kuingia ndani zaidi ya barabara. Leo niliingia kumtafuta bundi.

Bundi si jambo dogo kwetu. Akilia juu ya paa, watu husoma dua. Mama yangu aliwahi kutukesha usiku kucha kwa sababu ya bundi. Kwa hiyo nilikwenda na moyo mzito, na nikamwambia muongozaji hivyo. Hakunicheka. Alitembea kwenye kichaka kinene cha mifunda karibu saa nzima, akiinama chini ya kila tawi, kisha akaninyooshea kidole. Wawili, wameketi ubavu kwa ubavu, mmoja wa kijivu, mwingine wa hudhurungi, kila mmoja mdogo kuliko kiganja changu kilichonyooshwa. Wanasayansi walimjua ndege huyu mwaka 1965 tu. Anapatikana hapa, na kwenye misitu ya chini ya Usambara kule Tanzania. Wachache wapo pia msitu wa Dakatcha, hapo juu ya Malindi. Kwingine hayupo.

Walifumbua jicho moja moja, wakafumba. Nilipotoka msituni nilikuwa mwepesi. Jioni nilimsimulia mke wangu, naye akasema mama angefaa kuwaona.

20 Agosti. Kusi. Wa kwanza wamerudi: sururu 12, wadogo wekundu 30, rangi imeanza kuchakaa. Wala kaa 9, wote wazima. Orodha yangu sasa ni aina 112. Zenye jina la Kiswahili kutoka kwa mtu niliyezungumza naye ana kwa ana ni 47. Walimu wa shule mbili wameomba nakala ya majina, nami nimeanza kuinakili kwa herufi kubwa.

19 Septemba 2024. Kusi linapungua. Mwezi ulikuwa mpevu jana. Maji yanajaa saa 10 na nusu.

Nilifika saa 8. Kijana alikuwa ameshafika. Wala kaa walikuja na maji, kama kawaida yao, wakipiga kelele. Kati yao kulikuwa na wa kijivu waliofifia, wanaotembea nyuma ya wazima hatua kwa hatua. Mmoja alishusha shingo, akainua mdomo, akalia. Mzazi alimkamata kaa, akamvunja miguu kwa kumgonga topeni, akampa.

Nilimwuliza kijana kama nimeona vizuri. Akasema ndivyo walivyo. Ndege wengi wa jamii ya ufukweni mtoto hujitafutia tangu siku za mwanzo, lakini huyu hufuatana na mzazi wake kutoka kule alikozaliwa, akavuka naye bahari, na huku bado analishwa. Wametoka pwani zile zile nilizopita na meli mara zisizo na idadi, na njia yote wamekuja wawili wawili.

Nilihesabu kwa makumi kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Kijana akahesabu peke yake. Tulilinganisha.

Membe (Kibajuni, Malindi). Wazima 103, watoto 17. Maji yamejaa 10:25. Upepo kusi, dhaifu. Bado wanakuja.